Mawe Saba Ndani ya Pipa

Shida zangu zilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa. Mwaka ule watu wengi wa pwani hii ya ziwa walipotea, na kila nyumba iko na habari yake. Mimi naandika ya kwetu tu. Wanaume watatu walifika mchana, tukiwa tunakula, wakamwambia baba, "Umeonekana." Baba akauliza, "Nimeonekana wapi? Nani ameniona?" Hawakumjibu. Alikuwa na ugali mkononi. Akaumalizia, akanawa, akavaa shati, akaenda nao. Hatukumuona tena.

Baba alikuwa fundi wa mbao, mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Kongo, kama wazee wengi wa mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge. Mama alisema hilo peke yake lilitosha. Mpaka leo sijui ni nani alisema amemuona, wala alimuona akifanya nini.

Mama akatubeba mpaka Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, mimi na dada zangu wawili. Shule ikaishia hapo. Nilikuwa mwaka wa pili, najua herufi na kujumlisha. Haya mnayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu, pole pole, na kama kuna makosa ni ya kwangu, sikuazima ya mtu.

Kule Kabonga nilianza kazi ya kuosha mapipa ya mawese. Inabidi niieleze, kwa sababu mambo yote yaliyotokea baadaye yametoka humo. Pipa la mafuta limefungwa pande zote mbili. Juu lina tundu moja la kumiminia na kijitundu kingine cha kupitisha hewa. Huwezi kuingiza mkono ukasugua. Kwa hiyo unachukua mawe saba ya ufukweni, laini, madogo kama mayai ya kuku wa kienyeji, unayapitisha kwenye tundu moja moja. Unatia maji ya moto na majivu, unafunga kifuniko, unalilaza pipa juu ya mchanga na kulibiringisha, kwenda na kurudi, mpaka mafuta yaliyokauka ndani yabanduke. Mawe yanagonga. Anayepita mbali anasikia kama kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa. Sisi watoto tulikuwa tunacheka kwa hilo. Aliyenifundisha alitia saba, basi na mimi natia saba. Naye alikuwa mtu wa ng'ambo.

Kutoka kuosha mapipa ya watu nikarudi Rumonge, nikafika kuwa na mapipa yangu, halafu shamba la michikichi, halafu mashine ya kukamulia, halafu nyumba ambayo ghorofa yake bado najenga. Hakuna aliyenishika mkono. Watu wa Rumonge wananijua: nasema kitu kama kilivyo, na nikisema kimekwisha. Nilikuwa najivunia hilo kuliko mashine. Ndilo lililonitia katika aibu hii.

Binti yangu anayekaa Bujumbura aliniletea telefoni ya kioo. Alimleta pia mtoto wake wa kike, miaka sita, akae na sisi na asome hapa, kwa sababu yeye na mumewe kazi zimewabana. Mtoto alinifundisha telefoni ndani ya siku mbili. Kusoma maandishi yake madogo kunanichosha, lakini kusikiliza nasikiliza. Kuna zile sauti za kurekodi, vijana wanaziita odio. Unabonyeza, unasema, unaachia, imekwenda. Nikaona chombo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Nikawekwa kwenye grupu ya ukoo, grupu ya wauza mawese, na grupu ya msikiti.

Ndipo hofu ikaingia nyumbani.

Kwanza ilikuwa odio ya mwanamke analia. Alisema huko Kabezi mtoto amechukuliwa njiani, amepewa biskuti yenye dawa ya usingizi. Siku tatu baadaye ikaja picha ya watoto wamelala chini, wanne, kwenye sakafu ya saruji. Chini ya picha maneno: Muhuta, jana. Nikaangalia ile picha mpaka chai ikapoa. Umewahi kuona mvua inavyotembea juu ya ziwa, inafunika kilima kimoja, halafu kinachofuata, na wewe umekaa tu unaingojea? Kabezi, Muhuta, na baada ya Muhuta ni sisi.

Halafu odio moja ya mwanaume, sauti nzito, anasema pole pole kama mtu wa serikali. Alisema ni watu wa ng'ambo. Wale wanaokuja kwa mashua na kusema wamekimbia vita. Alisema hawana huruma, ndivyo walivyozaliwa, ndiyo damu yao, mtoto kwao ni kama mbuzi. Alisema wanawapitisha watoto ziwani ndani ya mapipa ya mawese.

Ndani ya mapipa. Nimeyabiringisha mapipa zaidi ya miaka hamsini. Najua tundu la pipa kama ninavyojua kinywa changu. Na niliposikia maneno yale sikufikiri tundu. Niliona pipa, nikaona mtoto ndani.

Kwa sababu kwangu palikuwa na mtu wa ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuosha mapipa.

Alikuwa amefika mwaka mmoja na nusu kabla, na mke wake na kitoto cha mgongoni. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, anacheka na mdomo umefungwa. Alikuwa mwalimu kwao, alisema, lakini hapa hakuona aibu ya majivu. Nilimpa chumba nyuma ya mangazini, ghala langu la mafuta. Aliniita Papa. Alipofika mara ya kwanza nilimwambia, "Unatia mawe saba." Akaniuliza kwa nini si sita. Nikamwambia, "Kwa sababu nimesema saba." Akatia saba, hakuuliza tena. Nilimpenda kwa hilo.

Sasa nikaanza kumuangalia. Nilikaa kwenye kiti changu mbele ya mashine, telefoni mkononi, namuangalia anavyopita. Mbona anaamka kabla ya watu? Mbona anaongea na wenye mashua kwa lugha yao, na nikikaribia anageukia Kiswahili? Mbona anampa mjukuu wangu biskuti?

Alikuwa anampa biskuti siku zote. Biskuti za dukani, zile za duara. Nilikuwa nimemuona mara mia na sikusema kitu. Siku ile nilimnyang'anya mtoto mkononi, nikaitupa kwa kuku.

"Kwa nini, babu?" akaniuliza.

"Itakuharibia meno."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Meno ya utoto, yanang'oka yenyewe," akasema. "Mzee, hiyo telefoni itakuua."

Nikawaangalia wale kuku mpaka jioni kama watalala. Hawakulala. Walikula biskuti, wakaenda kutafuta kitu kingine. Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nilisema moyoni, dawa ya kuku ni nyingine na ya mtu ni nyingine.

Halafu ikafika siku yenyewe. Mtoto anatoka shule saa sita mchana. Saa saba hajafika. Saa saba na nusu nikamtuma mke wangu shuleni, akarudi anatembea haraka, kanga imemlegea, anasema darasa limefungwa na mwalimu amekwenda. Nikateremka ufukweni.

Muosha mapipa alikuwa pale peke yake. Mapipa sita yalikuwa yamelala kwenye mchanga, vifuniko vimefungwa. Alikuwa anakunja suruali kwenda kuchota maji. Alipoingia ziwani, akanipa mgongo, mimi nilifanya kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu anakijua leo kwa kusoma hapa. Nilipiga magoti kwenye pipa la kwanza. Nikafungua kifuniko, nikaweka mdomo kwenye tundu, nikamwita mjukuu wangu kwa jina. Nikaweka sikio. Nikaenda la pili, nikamwita. La tatu. Mzee mzima, mwenye mashine, anaongea na mapipa.

"Papa, unatafuta nini?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo.

"Naangalia kama yamekauka," nikasema.

"Hayajaoshwa bado."

"Ndiyo. Naona."

Akaniangalia. Nadhani alijua. Watu wa ng'ambo pia wana telefoni.

Nikapanda kurudi nyumbani, nikabonyeza telefoni kwenye grupu ya kwanza. Nilitaka watu wote watoke wamtafute mtoto. Lakini nilijua watu. Ukisema mtoto amechelewa, watakuambia subiri, anacheza. Kwa hiyo nilisema hivi, nakumbuka kila neno, maana baadaye nililisikia mara nyingi: "Mimi ni mzee wa hapa Rumonge, mnanijua sisemi uongo. Nimeona kwa macho yangu mtu wa ng'ambo anamshika mutoto kando ya mapipa ya mawese. Mutoke. Muchunge watoto wenu." Nikaituma grupu zote tatu.

Sikuwa nimeona kitu.

Mtoto alipatikana saa nane. Alikuwa upande wa pili wa ufukwe, wanakoanika wale samaki wadogo, ndagala, anafukuza ndege kwa kijiti. Mama mmoja muuza samaki alimpa kazi hiyo na kumlipa kwa ndagala, naye alikuwa amejaza mifuko yote miwili ya sare ya shule. Alinuka mpaka Ijumaa. Mke wangu alimkumbatia, halafu akampiga, halafu akamkumbatia tena.

Na mimi? Kwenye grupu niliandika neno moja: amepatikana. Odio sikuifuta. Mjukuu alikuwa amenionyesha jinsi ya kufuta, nilikuwa najua. Lakini ukifuta, inabaki alama kwamba umefuta, na watu wangeuliza mzee amefuta nini. Na tena nilikuwa nimeshasema, nami nikisema kimekwisha. Niliacha. Niliona ni neno tu, litapita.

Kesho yake mke wa muosha mapipa hakwenda sokoni. Kesho kutwa pia hakwenda. Siku ya nne nilikuwa nakunywa chai, ikaingia video. Aliyenitumia ni mwenzangu wa mawese huko Kabonga. Aliandika: huku tumeambiwa, na nyinyi mjihadhari.

Video ilikuwa imechukuliwa kutoka mbali, nyuma ya majani. Ufukwe. Mtu mwembamba anabiringisha pipa, huku anaangalia ziwani. Na ndani ya pipa kitu kinagonga. Go, go-go, go. Mwenye kurekodi ananong'ona, "Sikieni. Mutoto iko ndani. Sikieni anavyogonga." Nilisikia yule mtoto. Naapa nilimsikia.

Halafu video ikaendelea, na juu ya picha ikaja sauti nyingine. "Mimi ni mzee wa hapa Rumonge, mnanijua sisemi uongo. Nimeona kwa macho yangu..."

Mke wangu akatoka jikoni. "Huyo si wewe?"

Nikapunguza sauti ya telefoni.

"Ni wewe. Na hicho ni kikohozi chako. Na hiyo inayosikika nyuma ni mashine yetu." Akaweka sufuria chini. "Na hilo ni pipa letu, lile lenye kipande cha rangi ya kijani. Mzee, unamsikiliza nani hapo? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Nikarudisha mwanzo. Nikasikiliza tena. Go, go-go, go. Mawe saba. Nimelala na sauti ile tangu nina miaka tisa, nimeanzia maisha yangu humo, na ilipotoka kwenye telefoni sikuitambua. Iliponijia kwa jina la mtoto, nikasikia mtoto.

Hapo ndipo mashaka yaliponiingia, na yalipoingia hayakubagua. Nikarudi kwenye zile nyingine zote. Picha ya Muhuta, wale watoto wanne. Nikamwita mjukuu, naye akaikuza kwa vidole vyake. Ukutani kulikuwa na maandishi ambayo si Kirundi, si Kifaransa, si Kiswahili, herufi zake hata sizijui. Mmoja wa wale watoto alikuwa amefumbua jicho, anacheka, kama mtu aliyeambiwa ajilaze na asijitikise. Nikampigia simu jamaa yangu wa Kabezi, nikamuuliza ni nyumba gani imepoteza mtoto. Akacheka. "Sisi huku tumeambiwa ni kwenu."

Nilipaswa kuona nafuu. Badala yake niliogopa kuliko mwanzo. Mwanzo niliogopa mwizi ambaye hayupo. Sasa niliogopa watu ambao wapo, nawajua kwa sura, nasali nao, na mimi ndiye niliyewaita.

Walikuja siku ileile, baada ya sala ya alasiri. Niliwasikia kabla sijawaona, pikipiki nyingi zinapanda pamoja. Nilikuwa na muda wa kufanya jambo moja. Nilikwenda nyuma, nikamwambia muosha mapipa, "Chukua mke wako na mutoto, ingieni mangazini." Hakuuliza kwa nini. Nikafunga kufuli kwa nje, nikaweka ufunguo ndani ya kofia yangu, nikavaa kofia.

Walikuwa kama thelathini. Watu wa pikipiki, akina mama wa samaki, wavuvi wawili watatu. Mmoja alikuwa amebeba tairi begani. Tairi tupu, bila gurudumu. Kila mtu wa umri wangu anajua tairi la namna hiyo linabebwa kwa kazi gani. Nilimuangalia yule mwenye tairi. Nilikuwa nimecheza kwenye arusi yake.

"Amahoro, mzee," akasema mmoja wa pikipiki, kijana mwenye mabega, kwa heshima kabisa. Heshima ile iliniogopesha zaidi.

"Amahoro."

"Tumekuja kwa ule mutu wa mapipa. Utupishe tu, wewe ukae."

"Amefanya nini?"

Mama mmoja wa samaki akacheka. Ni yuleyule aliyempa mjukuu wangu kijiti cha kufukuza ndege. "Anatuuliza sisi. Si wewe umetuambia?" Akainua telefoni yake juu, na sauti yangu ikatoka, mbele yangu, mbele ya watu, ikisema nimeona kwa macho yangu.

Nikasema, "Leteni pipa."

Hawakuelewa. Nikaenda mwenyewe, nikalibiringisha lile lenye rangi ya kijani mpaka mbele yao, nikalisimamisha. Nikamwambia yule kijana mwenye mabega, "Tia ngumi yako hapo."

"Kwa nini?"

"Tia. Unaogopa pipa?"

Watu wakacheka kidogo. Akatia. Vidole vitatu vikapita, ngumi ikagoma. Akasukuma, akageuza, akachomoa, anajifuta mafuta kwenye suruali.

"Haya," nikasema. "Sasa nani ana mutoto mdogo hapa? Mama, wewe uko na wa mgongoni. Mulete. Tuone anapita wapi."

"Mutoto wangu si ndagala," akasema yule mama, akamshika vizuri.

"Basi huyo anayegonga ndani aliingiaje? Alimiminwa?"

Nikatia mawe, moja moja, kwa sababu yalikuwa pale pale chini. La tatu likaanguka, nikaliokota. Nikafunga, nikalilaza, nikalibiringisha kwa mguu. Go, go-go. Nikaona kwa baadhi yao nyuso zinalegea. Mvuvi mmoja akasema, "Ni mawe. Hata babu yangu alikuwa anatia mawe."

Nilifikiri imekwisha. Lakini yule mwenye tairi hakuwa amelegea. Akasema, "Hilo ni pipa moja. Pengine anatumia yaliyokatwa. Wewe umesema umeona. Uliona au hukuona?"

Na mwingine kutoka nyuma, ambaye sikumuona uso, akasema, "Muacheni. Baba yake pia alitoka ng'ambo. Ni damu moja, anamficha mwenzake."

Niseme ukweli, hapo nilitaka kusema niliona. Ilikuwa kwenye ulimi. Ningesema niliona, lakini alikuwa mtu mwingine, alikimbia, alikwenda upande wa Nyanza, huko kusini. Wangepanda pikipiki, wangeondoka, ningebaki mzee asiyesema uongo. Wangemtafuta huyo mtu mwingine huko, na watu wembamba wa ng'ambo huko hawakosekani. Kofia ilinibana kichwani. Nilihisi ufunguo.

"Sikuona," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Sikuona kitu. Mutoto wangu alichelewa shule, nikaogopa, nikasema nimeona ili mutoke haraka. Nilisema uongo."

"Unasema hivyo sasa kwa sababu unatuogopa."

"Ninawaogopa, ndiyo. Angalieni magoti yangu. Lakini siku ile niliogopa zaidi, na hapakuwa na mtu mbele yangu."

Kwenye mashine mafuta yalikuwa yanadondoka ndani ya ndoo, nasikia tone moja moja. Wengine walikuwa wameinua telefoni, wananirekodi.

"Basi wewe ni mwongo," akasema mama wa samaki, pole pole, kama anajaribu neno jipya.

"Ndiyo."

"Mzee mwenye ghorofa."

"Ghorofa haijaisha," nikasema.

Akacheka, na wengine wakacheka, kicheko kibaya, cha kunidharau, nami nikakipokea kama maji. Yule mwenye tairi alilitupa chini, akakaa juu yake kama mtu aliyechoka. Hakuniangalia. Kijana wa pikipiki akasema, "Mzee, umetuchomea petroli yetu bure," wakaanza kugeuza vyombo vyao. Shefu wa mtaa, yaani mwenyekiti wetu, alifika baada ya hapo na polisi wawili, akaandika, akanigombeza mbele ya mke wangu. Alikuwa na haki.

Nikavua kofia, nikafungua mangazini. Walikuwa wamekaa nyuma ya magunia. Mke wake alikuwa amemziba mtoto mdomo kwa titi. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, na kuta za mangazini ni za mabati. Alikuwa amesikia yote, pamoja na odio.

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Aliniuliza tu, "Papa, uliniona wapi?"

Nilishika mlango. Swali lile nililisikia mara moja kabla ya hapo, nikiwa na miaka tisa, na hakuna aliyelijibu.

"Sikukuona popote," nikamwambia. "Sikukuona ukifanya kitu chochote. Nilikusingizia."

Akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia.

Alikaa siku mbili. Katika siku hizo mbili aliosha mapipa yote, hata yale ambayo sikuwa na haja nayo. Nilimwambia abaki. Nilimwambia nitampa chumba cha mbele. Akasema, "Murakoze, Papa," kwa Kirundi, kama mgeni anavyomshukuru mgeni. Asubuhi ya tatu, watu wakiwa wanateremsha samaki, alipanda mashua inayokwenda kusini, na mke na mtoto. Mjukuu wangu alikimbia mpaka majini, akampa biskuti ya njiani. Aliichukua, akaikata, akarudisha nusu. Nusu yake aliila kwanza, mbele ya mtoto, ili sisi tulio ufukweni tuone. Hicho ndicho kilichoniliza.

Ile rekodi waliyonichukua nikikiri haikufika mbali. Niliituma mwenyewe grupu zote tatu. Nimeuliza watu wa sokoni, wachache wameisikia. Muhuta hakuna anayeijua. Lakini juma lililopita jamaa yangu wa Kabezi alinitumia video moja, ameandika: muchunge watoto. Ufukwe, pipa, go, go-go, na mimi nasema mnanijua sisemi uongo. Sasa wanasema ni Kabonga, na chini wameandika jana.

Muosha mapipa alikwenda upande huo. Sijui alishukia kijiji gani. Kila nikiisikia ile odio najua kwamba pale alipofika, hata kama ni mbali, sauti yangu imetangulia, imekaa inamngojea. Nimempigia, namba haipatikani. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu, jina lake silitaji: mtu mwembamba, muosha mapipa, anacheka na mdomo umefungwa. Hakuna aliyemuona akifanya kitu. Mkiona video hiyo, kinachogonga ni mawe.

Mapipa sasa naosha mwenyewe, asubuhi, na anayepita namwita aje aangalie.

Leo niko na hivi: nyumba moja ya matofali, ghorofa haijaisha. Shamba la michikichi, upande wa kilimani. Mashine moja ya kukamua. Mangazini moja ya mabati na kufuli lake. Chumba kimoja nyuma, kitupu. Kuku kumi na mmoja. Telefoni moja. Mapipa kumi na manne, moja lina rangi ya kijani. Mawe saba.